Kelele na Wenyewe

Kelele ni neno lenye sifa mbaya katika Kiswahili. Mtoto akililia haki yake huambiwa aache kelele. Mwanafunzi akishikilia swali gumu darasani huambiwa analeta kelele. Hata mashine itendayo kazi iliyowekewa hulaumiwa na jirani kwa kelele zake. Neno hili limekuwa jaa la lugha yetu. Kila sauti tusiyoitaka hutupwa humo pasipo kuulizwa imetoka wapi wala yasema nini. Na hali lugha yenyewe si maskini wa masikio. Ina mlio na mvumo, kishindo na mrindimo, mngurumo na mtutumo, mkwaruzo na mwangwi. Na kila neno katika hayo lina kiti chake ambacho jingine haliwezi kukikalia. Ngoma hurindima, upepo huvuma, simba hunguruma, na mguu mzito hutoa kishindo. Watu walioacha urithi wa maneno mengi namna hii walikuwa wasikilizaji hodari. Insha hii yauliza kama sisi, warithi wao, tungali tukisikiliza.

Lililonisukuma kuuliza ni muziki wa namna moja ambao wasomaji wengi wa kurasa hizi hawataupenda, na ambao mimi mwenyewe siupigi nyumbani kwangu kwa kujiburudisha. Nitauita muziki wa kiwanda. Hutungwa kwa umeme na mitambo, na mali ghafi yake ni sauti za vyuma, injini, misumeno na mivumo ya nyaya, zikikatwa, zikirudiwa, na kuchafuliwa kwa makusudi hata zikawa na mapigo. Jina lake lilienea tangu mwaka 1976, wakati kikundi cha Throbbing Gristle cha Uingereza kilipoanzisha lebo yake ya kutoa santuri na kuiita Industrial Records. Kabla yao, mwaka 1913, Mtaliano Luigi Russolo alikuwa ameandika waraka wa kudai kwamba sauti za mitambo na za mitaa ya mjini zifunguliwe mlango wa muziki; na mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alinasa sauti za garimoshi, akazikata na kuzipanga zikawa utungo. Wasimulizi wengi huianza historia hii Ulaya na kuimaliza huko huko. Lakini mwaka 1944, miaka minne kabla ya garimoshi la Schaeffer, Halim El-Dabh, mwana wa Misri, alichukua mashine iliyonasa sauti kwa uzi wa waya, akaenda nayo kwenye ngoma ya kupunga pepo mjini Kairo, kisha akarudi na sauti zile studioni akazigeuza kwa mitambo mpaka uimbaji wa watu ukabaki mvumo na mwangwi. Afrika haikualikwa katika karamu hii. Ilikuwamo jikoni tangu chakula kilipoinjikwa.

Neno kiwanda nalo lastahili kuchunguzwa. Kabla ya kuwa jengo lenye bomba la moshi na kengele ya zamu, kiwanda kilikuwa uwanja tu ambapo mafundi walifanyia kazi: mahali pa kuhunzi, pa kuchonga, pa kusuka. Kwa maana hiyo kiwanda ni cha kale sana katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza habari za tanuri za chuma za Buhaya zilizotumika yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Upande wa Biharamulo na Geita, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Msomaji aliyepata kumwona mhunzi kazini hahitaji kuambiwa kwamba mivukuto hupulizwa kwa mapigo, na nyundo hushuka kwa mapigo. Palipo na mapigo, mtu hujikuta anaimba. Kiwanda na ngoma vilizaliwa nyumba moja. Kilichovitenga ni mashine ya mtu mwingine, ambayo mfanyakazi huitumikia bila ya kuwa na amri juu ya mwendo wake.

Mimi ni mzaliwa wa Ngara, na ingawa masomo na kazi vimeniweka mbali kwa miaka mingi, masikio yangu yalifunzwa huko. Ngara imekaa pembeni mwa nchi, mahali ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi hutazamana, na Kihangaza chetu ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Mipaka ya wakoloni iliikata ardhi lakini haikuweza kukata sauti. Kwa muda mrefu miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na mtoto wa zamani zile alijua kwa mngurumo tu kama mji una taa au hauna. Leo maporomoko ya Rusumo yamefungiwa mitambo ya megawati 80, na umeme wake wagawanywa kwa nchi zote tatu. Umeme huo hutetema mara 50 kwa kila sekunde, kama ule wa nchi nzima; na anayetega sikio karibu na mashine au kipaza sauti kisichofungwa vizuri atausikia ukivuma chini kabisa, katika sauti nzito. Kwa hiyo kila nyumba iliyounganishwa, kutoka Rusumo mpaka Dar es Salaam, ina chombo kimoja cha muziki kinachopigwa usiku na mchana, na hakuna anayekiitikia.

Huko huko Ngara nilijifunza kwamba sauti ya mashine haina wema wala ubaya wake yenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ng'ambo ya mto, redio ya RTLM ilikuwa imewachochea watu kuwaua jirani zao. Na mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Benaco ikawa mji wa turubai. Nakumbuka malori ya maji na ya chakula yakinguruma usiku kucha, na mbweko wa majenereta ya misaada, na nyuma ya hayo yote mvumo wa watu wengi ambao sijausikia tena popote. Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera wilayani Ngara, na sauti zikaanza kupita hewani kuwaambia waliopotezana kwamba ndugu zao wangali hai. Chombo kile kile kilichotumiwa kuangamiza kilitumiwa kuokoa. Tangu hapo sijapata kumwamini mtu aniambiaye kwamba sauti ni sauti tu. Kwanza namwuliza: nani ameishika?

Swali hilo ndilo kiini cha muziki unaotokana na sauti zilizonaswa, na jirani zetu wa Burundi walilipia ada ya kulijifunza. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alinasa muziki wa nchi hiyo kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa, na miongoni mwake zilikuwamo zile ngoma kubwa zilizokuwa za ufalme. Mwaka 1971 ngoma hizo zilitokea tena katika santuri iliyoitwa Burundi Black, zikiwa zimeongezewa kinanda na gitaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitia katika wimbo wake The Jungle Line, pamoja na mtambo wa umeme wa Moog. Na mwanzoni mwa miaka ya themanini vikundi vya Uingereza viliufanya mrindimo ule kuwa mtindo wa vijana. Jina la nchi lilisafiri duniani kote, bali majina ya mikono iliyopiga hayakusafiri nalo. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma hizo katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima ilifika, ila ilikuwa imetanguliwa na wafanyabiashara kwa zaidi ya miaka arobaini. Sisemi kwamba waliozitumia walikuwa wezi. Nasema kwamba kunasa sauti ni rahisi kuliko kunasa haki iliyofungamana nayo.

Kwa hiyo albamu moja ya karibuni yastahili kusikilizwa, hata kama sikio litaumia. Mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu, walikwenda Kampala. Walikuwa wametoka katika vikundi vya muziki mzito wa magitaa. Huko walikaa miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege, wakatengeneza albamu waliyoipa jina la kikundi chao, Duma. Karugu alishughulika na magitaa na mitambo; Khanja alitoa sauti ambayo si kuimba wala si kusema, bali ukemi wa mtu aliye ndani ya shimo. Nyege Nyege Tapes, lebo iliyoasisiwa Kampala na Arlen Dilsizian na Derek Debru, iliitoa Agosti 2020, mwaka ambao maradhi ya korona yalikuwa yamefunga kumbi za muziki, hata kazi iliyotungwa kwa ajili ya umati ikaanza maisha yake katika masikio ya mtu mmoja mmoja.

Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapa pasipo kusimama. Msikilizaji wa Kiswahili akiona neno duma humfikiria mnyama mwenye mbio. Lakini vijana hawa walilichukua kutoka Kikikuyu kwa maana ya giza. Jina la lebo nalo, ambalo Kiganda hulisikia kama hamu ya ghafla ya kucheza, Kiswahili hulisikia kwa haya na kuangalia chini. Ndivyo zilivyo lugha za Afrika Mashariki: zakaa chumba kimoja, na kila moja yasikia mlango ukigongwa kwa namna yake. Albamu ile yote ni ya namna hiyo. Aliyezoea taarabu ataiita kelele. Aliyewahi kulala karibu na kinu cha mashine, au kusafiri juu ya lori katika barabara ya Rusumo, atatambua kitu ndani yake kabla ya kujua kama anakipenda.

Miaka minne baadaye, mwaka 2024, Khanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe aliyoiita Haekalu, jina lisiloweza kusikika na Mswahili bila ya kumkumbusha hekalu. Aliitoa kwa kumheshimu mzee wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Mashali katika vita vya Mau Mau na aliyefariki mwaka 2023. Tazama safari ilivyokwenda. Mwaka 1967 mgeni alikuja na mashine yake akaondoka na ngoma. Mwaka 2020 vijana waliingia wenyewe studioni, na lebo iliyoasisiwa na wageni katika mji wa Afrika ikawatolea kazi. Mwaka 2024 mtunzi alikuwa ndiye mtoaji, na juu ya kelele zake aliweka jina la mtu aliyezilipia kwa maisha ya msituni. Sauti zilipata mwenyewe.

Yote haya yangebaki mambo ya vitabuni kwangu lau nisingekuwa na mpwa. Dada yangu aliolewa Biharamulo. Wilaya hiyo ni ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2013 ukapita mikononi mwa shirika la madini la taifa. Shemeji yangu hakufanya kazi huko. Alikuwa miongoni mwa wachimbaji wadogo, wale wanaoshuka katika duara kwa kamba na kupandisha mawe kwa mifuko. Na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kulisha karasha la mtu binafsi, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wataalamu husema kwamba mtu asikae kwa saa nane katika sauti ipitayo desibeli 85, kwa kuwa vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Hapakuwa na mtu wa kulisema jambo hilo mbele ya karasha, na kama lingesemwa lisingesikika. Leo shemeji husikia kidogo kwa sikio moja, ukikaa karibu na kupaza sauti.

Mwanawe amesomea umeme. Huwasikiliza vijana wa singeli wa Dar es Salaam, wakiwamo wale ambao kazi zao zilitolewa na lebo hiyo hiyo ya Kampala. Naye ndiye aliyenisikilizisha Uingizaji Hewa ya Duke, ya mwaka 2019, ambayo kichwa chake pekee kingetosha kumfanya mchimbaji ageuke. Likizo moja alinijia na kompyuta kuukuu na tungo saba. Alikuwa amelinasa karasha kwa simu, asubuhi na jioni, karibu na mbali. Alikata kipande cha pigo moja akakirudia. Akapunguza mwendo wa injini mpaka ikawa kama kwaya ya wanaume. Akaugandamiza mlio wa mawe ukawa ngoma. "Mjomba," aliniambia, "nataka kuitoa. Nisaidie jina."

Kabla sijajibu, baba yake aliuliza tunasikiliza nini. Alipoelezwa alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia: "Shemeji, kelele hizi zimekula masikio yangu. Sasa huyu anataka kuziuza watu wazicheze?"

Nimesoma maandishi mengi juu ya sanaa na maisha, lakini sijakutana na swali zito kuliko hilo. Watetezi wa muziki wa kiwanda husema kwamba huifunua jamii uso wake. Vema, lakini uso ule ni wa nani, na ameombwa ruhusa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, mwimbaji na mwenye kurekodi. Haisemi neno juu ya mtu aliyesimama miaka tisa mbele ya mashine akiilisha mawe ili ipate kulia. Na si ajabu, kwa maana sheria haiwezi kuhesabu kila jasho. Inapoishia sheria ndipo uungwana huanzia kazi yake, nao hauna afisi wala mhuri.

Kijana hakubishana na baba yake. Aliweka kipaza sauti juu ya meza, akamwomba aweke kiganja juu yake, akapiga utungo wa tatu. Shemeji alifumba macho. Baada ya muda alisema: "Hapo beringi imekwisha. Sisi tungezima." Mwanawe alirudisha nyuma, na kweli palikuwa na mkwaruzo mdogo ambao yeye alikuwa ameupenda na kuupandisha pasipo kujua ni kitu gani. Tulikaa mpaka usiku. Shemeji alimweleza jinsi siku ya karasha inavyokwenda: kuwasha kwa shida alfajiri, jiwe gumu la kwanza, mkanda unaoteleza, ukimya wa ghafla mtu akiumia, na kuzima usiku, ambapo masikio huendelea kulia peke yake. Tungo saba zilipangwa upya kwa kufuata siku hiyo. Ule mlio wa masikio baada ya kuzima, ambao hakuna simu iliyoweza kuunasa, kijana aliutengeneza kwa mitambo, baba yake akiongoza kwa mkono: juu zaidi, chini kidogo, hapo.

Shemeji alitoa sharti moja. Majina ya wenzake wanne waliolisha karasha lile yaandikwe pamoja na lake, kabla ya jina la mwanawe. Yakaandikwa. Mimi mchango wangu ulikuwa neno tu. Katika machimbo, mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa huitwa marudio, kwa sababu hurudiwa tena na mwenye subira apate dhahabu iliyoachwa. Na katika muziki, kipande kirudiwacho ni marudio vilevile. Wakalipokea liwe jina la albamu. Kazi iliwekwa kwenye intaneti, na nakala zake zikatiwa katika kadi za simu zikauzwa kwenye kibanda cha stendi. Hazikufika hamsini. Dada yangu aliuliza kama hamsini zitanunua gunia la mahindi, na swali lake pia ni la haki. Mwanawe angali akifunga nyaya za nyumba za watu kwa riziki yake.

Nilimwuliza shemeji kama kazi ile ilimpendeza. Alisema haikumpendeza hata kidogo, ila haina uongo. Jibu hilo laweza kuwa kipimo chema cha sanaa ya namna hii. Tumezoea kuupima muziki kwa utamu, na utamu ni kipimo halali cha taarabu na cha nyimbo za harusi. Muziki wa kiwanda wataka kipimo kingine: je, yule aliyeibeba sauti hii mwilini mwake, akiisikia, ataitambua? Na je, jina lake limo? Ukikosa la kwanza, ni kelele tu zilizovikwa nguo za kigeni. Ukikosa la pili, ni unyonyaji wa mara ya pili, na huu wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa huja kwa sura ya heshima.

Enyi wanafunzi wa lugha na fasihi, mwajifunza kukusanya methali, vitendawili na nyimbo za wazee, na kazi hiyo ni njema. Lakini wilaya zenu zina fasihi nyingine inayosemwa kila siku na vinu, makarasha, cherehani na malori, na wako watu waijuao sarufi yake kama shemeji alivyoijua ile beringi. Nendeni mkawasikilize wakiwa hai, na mkiinasa sauti, ulizeni kwanza ni ya nani.